Je, Kuhakikisha ni Kukosa Upendo?

Wapendwa, ujumbe umeingia kwa simu yako kutoka kwa ndugu mnayesali naye. Mtoto amelazwa, anahitaji elfu tano haraka, atarudisha jioni. Ukimpigia kwanza kujua kama ni yeye, je, umekosa upendo? Tumefundishwa kutoa bila kusitasita, na mtu wa maswali mengi tunamwona ana moyo mgumu.

Hebu turudi Mwanzo 27. Isaka amezeeka, macho hayaoni. Yakobo anaingia amevaa nguo za kaka yake, na ngozi za mbuzi mikononi na shingoni, anasema yeye ni Esau. Tunapohubiri hapa tunakazia uongo wa Yakobo, lakini angalia vile Isaka alifanya. Alishuku! Aliuliza mawindo yamepatikanaje upesi hivyo. Akapapasa mikono. Hata akatambua kwamba sauti ilikuwa ya Yakobo. Shida ilikuwa wapi? Kila ushahidi aliopima uliletwa na mtu yule yule aliyemshuku. Hakutuma mtu amtafute Esau. Esau aliporudi, baraka ilikuwa imeshatoka, na haikurudi. Baba alitetemeka, mwana akalia. Waliumia wawili: aliyedanganywa, na yule ambaye jina lake lilitumiwa.

Wakora wa leo hawavai ngozi za mbuzi. Wanapiga simu wakijifanya huduma kwa wateja, wanataja jina lako kamili ili uwaamini, kisha wanaomba nambari ya kitambulisho na PIN. Wakizipata wanaweza kuhamisha nambari yako kwa laini yao. Simu yako inakosa mtandao, na jumbe za benki zinaingia kwao. Mwingine anakuomba tarakimu 6 zilizokuja kwako "kimakosa". Hizo ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Baada ya dakika chache anaandikia chama, kikundi cha maombi na mama yako kule nyumbani, kwa jina lako na picha yako.

Hapo ndipo tunaona kwamba jina lako si lako peke yako. Watu wamechukua miaka kuliamini. Ukililinda, unawalinda wao pia.

Basi jibu la swali letu ni hapana. Ukimpigia ndugu yako, humshuku yeye. Unamshuku anayeweza kuwa amevaa nguo zake. Lakini piga kwa nambari uliyoijua tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe. Na kama kweli mtoto ni mgonjwa, huyo ndugu atafurahi kusikia sauti yako, na utatoa kwa moyo mweupe. Anayekwambia utume sasa hivi na usimwambie mtu, huyo ana sababu ya kuogopa maswali.

Wiki hii fanya mambo machache. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukipata usiyoijua, ripoti. PIN yako usimpe mtu, hata akisema ni mchungaji. Ukiambiwa pesa zimekuja kwako kimakosa, angalia salio kwanza, wala usizirudishe mwenyewe. Aliyetuma aombe kampuni ya simu izirudishe. Ujumbe wa utapeli kwenye laini ya Safaricom utume kwa 333, ni bure.

Na ndugu akiibiwa, tusimcheke wala kusema amekosa utambuzi. Isaka alikuwa mtu wa Mungu, na alidanganywa nyumbani kwake, na watu wake mwenyewe. Aibu humfanya mtu anyamaze, na akinyamaza, mkora anapata nafasi ya kumfikia jirani yake. Aseme mapema, sisi tumsikilize, tuwaonye wengine.

Bwana atupe mikono iliyo wazi na macho yaliyo wazi pia. Amina.