Lulu Kiganjani mwa Shemasi

Juu ya meza ninayoandikia pana gamba la chaza. Kwa nje halitazamiki: kijivu, linaparuza, limegandwa na uchafu wa baharini ambao brashi imeshindwa kuutoa. Ligeuze sasa. Ndani ni weupe wa maziwa unaochezacheza waridi na kijani, na ukiliinamisha kidogo upande wa dirisha, rangi hizo zinahama. Ninalo miaka mingi, na bado kila nikiligeuza hunitoka "Ee Mungu!" bila kukusudia.

Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, shemasi mmoja alishika lulu namna hiyohiyo, akaigeuzageuza kiganjani, asiiweke chini mpaka ilipomzalia tenzi tano. Huyo ni Mtakatifu Efrem, aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 4 katika mji wa Nisibis, ulioko leo upande wa Uturuki, mpakani kabisa na Siria. Alitunga kwa Kisiria, lugha ya ukoo mmoja na ile aliyozungumza Yesu mwenyewe.

Mshairi wa Kiswahili akisikia jinsi Efrem alivyotunga hatajiona mgeni. Mtu huyu alihesabu mizani. Tungo zake za kusomwa zilikwenda saba kwa saba. Za kuimbwa zilikuwa na beti, na kila ubeti ulipokwisha watu walipokea kwa kiitikio. Hizi za kuimbwa ziliitwa madrasha, neno lenye asili moja na darasa na madrasa zetu. Na kweli zilifundisha. Alizifunza kwaya za wanawake, wakaimba mafumbo ya imani kanisani mbele ya watu wote, jambo ambalo Yakobo wa Serugi, mshairi aliyekuja baadaye, alimsifia kwa utungo mzima.

Lulu yenyewe aliipata katika Injili, pale Mathayo sura ya 13, kwa yule mfanyabiashara aliyeuza vyote alivyokuwa navyo ili anunue moja tu. Wahubiri wengi hukimbilia ile bei. Efrem alibaki akiitazama lulu. Aliona kwamba haina mbele wala nyuma, uso wake ni mmoja kila upande uugeuzapo, akamwona humo Mwana wa Mungu asiyegawanyika. Aliona weupe usio na doa, akakumbuka mimba ya Bikira Mariamu. Aliwaona wapiga mbizi waliovua nguo wakashuka kuitafuta, maskini watupu, akawakumbuka mitume, kwa kuwa si wafalme walioileta lulu kwa watu. Kisha akaitazama ilivyotobolewa ili itundikwe sikioni, nayo isiseme neno, na hapo akaona Golgotha. Maisha ya Yesu, tangu tumboni hadi msalabani, katika kitu kinachoingia ndani ya tundu la pete!

Watu wa kale walisimulia kwamba lulu hutungwa kwa umande, wengine wakasema kwa umeme upigao bahari. Sisi tuliambiwa ni punje ya mchanga, na hilo nalo mara nyingi si kweli. Chaza ana utando laini unaolalia gamba kwa ndani. Utando huo ukijeruhiwa, au kijidudu kikipenya, seli zake chache huweza kudidimia mwilini na kujenga kifuko. Kifuko hicho hutoa vigae vya kemikali ileile iliyo katika ganda la yai, vikashikamana kwa protini, tabaka juu ya tabaka. Kigae kimoja ni chembamba mno: panga kama 2,000 ndipo upate unene wa milimita moja. Nuru ikiingia hurudi kutoka katika matabaka mengi kwa pamoja, miale ikakutana njiani, ndipo zikaonekana zile rangi zinazohama. Hakuna aliyepaka chochote. Chaza hana mkono wa kuchomoa kilichomuumiza. Anakizungushia alicho nacho.

Efrem hakuyajua haya, na sidhani yangemharibia utenzi. Nadhani angeongeza wa sita.

Kwetu, huko Fumba na Bweleo, Unguja, wako akina mama wanaofuga chaza. Hubandika kijipande ndani ya gamba, wakamrudisha mnyama majini, wakangoja miezi mpaka kijipande kifunikwe kiwe nusu lulu. Kazi kubwa hapo ni kungoja.

Kungoja Efrem alikujua pia. Mwaka 363 Nisibis ilikabidhiwa kwa Waajemi, Wakristo wakahama, naye akaishia katika mji wa Edessa akiwa mtu mzima, mgeni mwenye kalamu. Miaka kama kumi baadaye njaa iliupiga mji huo. Inasimuliwa kwamba matajiri walikuwa na nafaka, wakajitetea kuwa hawamwoni mwaminifu wa kuigawa. Efrem akasema, nipeni mimi. Akatandika vitanda kama 300 barazani, akawalisha wenye njaa na kuwazika waliokufa mpaka mavuno yaliporudi. Kisha akaingia chumbani kwake, na haukupita mwezi akafariki, Juni 373.

Jua limeshafika dirishani. Gamba limeacha uwaridi, sasa ni kijani kitupu.