Nyumba ya Ushirika ni Mali ya Nani?

Tunapozungumzia makazi ya mijini, yafaa tuanze Kariakoo. Nyumba ya Kiswahili iliyoujenga mtaa huo twaijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, jiko na choo uani. Wapangaji waligawana uani, moshi na hata misiba. Lakini nyumba haikuwa yao. Siku mwenye nyumba alipokitaka chumba chake, ujirani wote huo haukumfaa mpangaji.

Taifa letu lilikwisha kujaribu kulijibu jambo hili. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwenye nyumba akabadilika. Mpangaji akabaki mpangaji. Sera ya Taifa ya Nyumba ya mwaka 1981 ikahimiza pia njia nyingine, nayo ni ushirika, ambamo wakaaji wenyewe ndio wamiliki.

Mfano wa karibu ni Chamazi, kusini mwa Jiji. Makazi ya Kurasini yalipovunjwa kupisha upanuzi wa bandari, mpangaji hakuwa na jengo la kufidiwa. Watu wa kipato kidogo waliokuwa katika vikundi vya akiba walinunua huko Chamazi ekari 30 mwaka 2009. Walifyatua matofali wenyewe, wakajenga kwa mikopo. Na marejesho ya mmoja ndiyo humjengea mwenzake.

Hapa ndipo swali la maadili linapozuka. Aliyekwisha kupata nyumba na kumaliza deni, je, bado anawiwa na wenzake? Wapo wasemao la: ametoa jasho lake, naye ana haki ya kuuza kwa bei ya soko. Hoja hii ina uzito, kwani hakuna ajinyimaye kwa ajili ya mali asiyoweza kuiita yake. Lakini haba na haba iliyokijaza kibaba hicho haikuwa yake peke yake. Kila ajengewaye akienda zake, yule wa mwisho atajengewa na nani?

Kwa hiyo twaona kwamba nyumba ni ya mwanachama kuishi na kurithisha. Bali akitaka kuiuza, chama kipewe nafasi ya kwanza, kwa bei ya haki. Umoja haupimwi siku ya kuchanga, wakati kila mtu ana haja. Hupimwa siku ya pili baada ya kukabidhiwa ufunguo.