Shauri Jema Lililokataliwa

Twapenda kutafakari pamoja nanyi neno moja linalomhusu kila mtu aliyepewa kuwasimamia wenzake, awe mkubwa wa wilaya, au mwenyekiti wa chama cha ushirika, au mzee wa kanisa, au mwalimu mkuu, au baba katika nyumba yake. Neno lenyewe ndilo hili: mkubwa akikata shauri lililo la haki, lakini akalikata bila kuwauliza wale watakaolichukua mabegani, je, ametenda haki au hakutenda? Wako wasemao kwamba haki ni haki, hata ikitoka katika kinywa cha mtu mmoja. Wako wengine wasemao kwamba haki isiyosikiliza ni nusu ya haki. Sisi tukaao hapa Kighare, katika milima ya Upare, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, maana jambo hili lilijaribiwa katika nchi yetu wenyewe, na wazee wetu walilipa gharama yake kwa miguu yao.

Zamani Upare haikuwa nchi ya mtawala mmoja. Ugweno ilikuwa na mfumwa wake, Usangi vivyo hivyo, na kule kusini, Mbaga na Mamba na kwingineko, kila sehemu ilikuwa na mtawala wake na wazee wake. Mfumwa alipelekewa matoleo, na watu walimlimia shamba lake. Lakini kwa sababu hiyo hiyo alikula kwa mkono wa watu wake, na kama akiwaudhi mno, mkono ule ulikuwa mzito. Wakaja Wajerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza. Mwaka 1926, katika siku za Gavana Donald Cameron, ilitolewa sheria ya kuitawala nchi kwa njia ya watawala wa jadi. Ndipo wafumwa wa Upare wakakutanishwa katika baraza moja lenye hazina moja, na makao ya wilaya yakawa Same, kule chini penye njia ya reli. Tangu hapo mfumwa akapokea mshahara.

Hatusemi hivi ili kuwalaumu wafumwa, kwa maana wengi wao walikuwa watu wenye akili na wenye kuipenda nchi. Twasema ili tuone jinsi chombo kinavyobadilika ndani kabla hakijabadilika nje. Jina la mfumwa lilibaki, kiti kilibaki, na heshima ilibaki. Ila masikio yake yaligeuzwa. Alishwaye na watu huwasikiliza watu. Alipwaye na hazina huisikiliza hazina, hata akiwa mtu mwema.

Sasa, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakubwa wa wilaya pamoja na baraza la wafumwa waliona kwamba kodi iliyokuwako haikuwa ya haki. Mwenye ng'ombe wengi na mikahawa mingi alitoa kiasi kile kile alichotoa mtu asiye na mbuzi. Wakakata shauri kwamba kila mtu apimwe mali yake, na atozwe kadiri ya alivyo navyo. Kodi hiyo wakaipa jina la kale, mbiru, ambalo lilikuwa jina la toleo walilopewa watawala wa zamani. Ukiliangalia shauri hili likiwa katika karatasi, utalisifu. Ni nani asiyejua kwamba mzigo wa punda haumfai mbuzi? Huenda wale waliolitunga walilala usiku ule na mioyo myeupe.

Lakini watu wa Upare walilikataa. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani wakaenda Same, mbele ya ofisi ya Bwana Shauri, wakakaa huko siku nyingi. Hawakwenda kwa mikuki, walikwenda kukaa. Miongoni mwa viongozi wao alikuwako Paulo Mashambo wa Mamba, mtu asiyekuwa na kiti cha ufalme wala mshahara wa hazina. Mashamba yalibaki bila wanaume, na wanawake wa Usangi nao waliingia katika shauri hilo, wakawakabili wakubwa kwa maneno ambayo hatutayaandika yote hapa. Maana yake ilikuwa hii, kwamba ama jambo hili liishe waume wetu warudi nyumbani, ama wakubwa wenyewe washike mahali pa waume wetu. Kufikia mwaka 1947 mbiru ilikuwa imeshindwa, na watu wakarudia kodi ya kiasi kimoja. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyeji wa Upare, aliandika habari hizi kwa kirefu, na ni vyema watoto wetu wazijue.

Hapa ndipo penye fumbo la kutufikirisha. Watu walishinda, lakini walishinda wakapata nini? Walirudi kwenye kodi ambayo maskini hutoa sawasawa na tajiri. Twaweza kusema kwamba mtu maskini alitembea mpaka Same ili aitetee hasara yake mwenyewe. Je, walikuwa wajinga? Hatuthubutu kusema hivyo. Walilalamika kwamba hapakuwa na njia ya haki ya kupima mali ya mtu. Basi tuuize moyo wetu: ni nani apimaye? Ni mtu wa baraza, atokaye kwa mkubwa, aingiaye uani kwako akihesabu, naye ndiye asemaye wewe u nani. Kama ni jamaa yako, atakupunguzia. Kama ni adui yako, atakuongezea. Na jina lile la mbiru, lililotwaliwa kwa wazee ili watu walizoee upesi, liliwakumbusha toleo ambalo mtawala alilipokea na kuwarudishia watu ulinzi na msaada. Lakini safari hii toleo lilikwenda katika sanduku la Same. Walitwaa jina la desturi wakaliacha agano lililokuwa ndani yake.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni la Waafrika peke yao, au la watu wasiosoma. Uingereza yenyewe, mwaka 1990, serikali ya Bibi Margaret Thatcher iliwatoza watu wa Uingereza na Wales kodi mpya ya kila kichwa, baada ya kuianza Scotland mwaka 1989. Kule shauri lilikuwa kinyume cha letu: kodi ya kiasi kimoja ilishika mahali pa kodi iliyofuata thamani ya nyumba. Watu wakakataa. Machi 31, 1990, palikuwa na ghasia kubwa mjini London. Novemba mwaka ule Bibi Thatcher akajiuzulu, na kodi hiyo ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomdhoofisha. Na mwaka 1993 ikaondolewa. Tazameni basi: Upare walikataa kupimwa mali, Uingereza walikataa kutopimwa. Kodi mbili zilizo kinyume zilipatwa na mwisho mmoja. Lazima ugonjwa ulikuwa mahali pengine, wala si katika hesabu tu.

Nasi tulipata kuujua ugonjwa huo kwa kosa letu wenyewe, wala hatuoni haya kulisimulia. Miaka michache iliyopita, katika shule moja tuliyofundisha, tulipewa kusimamia chakula cha mchana cha watoto. Kila mzazi alileta debe moja la mahindi, mjane na mwenye duka sawasawa. Jambo hili lilituuma. Tukakaa usiku mbele ya taa na karatasi, tukawagawa wazazi mafungu matatu kwa jinsi tulivyowajua: hawa madebe matatu, hawa moja, hawa nusu. Asubuhi tukaibandika orodha ile mlangoni, tukingoja kushukuriwa.

Mwenye duka alikasirika, na hilo tulilitazamia. Lakini aliyekuja wa kwanza alikuwa mjane mmoja wa fungu la nusu debe. Hakuketi. Akasema, "Mwalimu, ni nani aliyekuambia kwamba mimi ni maskini? Mwaka jana debe langu nililileta limejaa. Leo mtoto wangu amesomewa na wenzake mlangoni kwamba mama yake ni nusu." Tulikosa jibu. Tulikuwa tumempunguzia mzigo wa mahindi, tukamwongezea mzigo wa aibu, na mzigo wa pili ni mzito kuliko wa kwanza.

Tukaibandua orodha, tukawaita wazazi, tukakiri kosa, tukawaachia maneno. Walizungumza tangu saa nane mpaka jua likakaribia kuchwa. Mzee mmoja akatoa njia: kila mtu aseme mwenyewe atakacholeta, na asiye na mahindi aweza kuleta kuni au siku za kazi jikoni. Mwenye duka, mbele ya jirani zake wote, akasema madebe matatu. Yule mjane akasema nusu debe na kuni za kila juma, akalisema kwa sauti kubwa, kichwa juu. Tulipojumlisha usiku ule, hesabu haikuwa mbali na ile ya karatasi yetu. Tofauti yake ni kwamba ile ya kwanza ilikuwa amri yetu, na hii ilikuwa ahadi yao. Na mwaka ule hatukumfuata mtu hata mmoja nyumbani kumdai.

Kwa hiyo twajibu swali letu hivi. Namna shauri linavyokatwa si ganda la kutupwa baada ya kula. Ni sehemu ya shauri lenyewe. Mtu hatoi mali yake tu katika chama au shule au nchi. Hutoa pia heshima yake, na heshima haitozwi bali hutolewa na mwenyewe. Mkubwa anayeamua mema bila kuuliza huwatendea watu wazima kama watoto, nao watalikataa jema lake ili wapate kubaki watu wazima. Hata Rehoboamu, mwana wa Sulemani, alipoombwa kupunguza mzigo wa kazi, hakupoteza makabila kumi kwa sababu ya mzigo peke yake. Aliyapoteza kwa jibu lake, baada ya kuyatupa maneno ya wazee waliomshauri ajibu kwa upole.

Lakini msomaji mwenye busara atatupinga, naye ana haki. Atasema, "Mkimngoja kila mtu akubali, hapana kazi itakayofanyika." Ni kweli. Tuitazame ndiva, lile bwawa la udongo ambalo wazee wetu walilibuni likusanye maji usiku ili mashamba yanyweshwe mchana. Ukingo ukipasuka usiku wa manane, mwangalizi haitishi baraza; hupiga kelele, huchukua jembe, huamrisha aliye karibu, na ni mpumbavu atakayemlaumu asubuhi. Lakini zamu za maji, kwamba nani ataanza na nani atafuata, hazikatwi na mwangalizi peke yake gizani. Hukatwa na wenye mashamba, mchana, macho kwa macho. Msimamizi mwema ndiye ajuaye kuzitenga saa hizi mbili: saa ya ukingo uliopasuka, na saa ya kugawa zamu. Madhara mengi yametokea duniani kwa sababu wakubwa huita kila saa saa ya hatari, wapate kuamrisha.

Tena liko kosa la pili lililojificha. Wako wasimamizi ambao wamekwisha kata shauri moyoni, kisha huitisha mkutano ili watu wapige makofi. Huo si ushauri bali ni udanganyifu, na watu huutambua kwa harufu. Anayeuliza na awe tayari kurudi nyumbani na jibu lisilo lake. Nao waulizwao wana wajibu wao. Anayenyamaza barazani kisha akanung'unika njiani, huyo naye amekata shauri peke yake. Na tajiri anayejificha nyuma ya kilio cha maskini ili asitoe sehemu yake, amelitumia jina la umoja kuiba.

Dunia yetu inageuka upesi. Utawala wa wafumwa uliondolewa na sheria mwaka 1963. Wilaya ya Pare iligawanywa mwaka 1979, ikawa Same na Mwanga. Vijana wetu wametawanyika mijini, na shauri la kijiji sasa hupelekwa kwa simu kabla wazee hawajavaa viatu. Vyama vyetu vya kuweka na kukopa, kamati za maji, kamati za shule, vyote vitalazimika kukata mashauri mapya ambayo baba zetu hawakuyajua, na mengi yatakuwa juu ya nani atoe nini. Hatuwezi kuyakimbia. Bali kabla hatujabandika karatasi yoyote mlangoni, tujiulize kwanza: jina la nani limeandikwa hapa, naye alikuwa wapi lilipokuwa likiandikwa?