Chui, Nkwazi na Samaki Aliyeondolewa

Je, nembo inaweza kusema uongo? Vijana ninaofanya nao kazi hapa Mununga wanauliza hivyo, na wanauliza kwa hasira. Nembo ya Congo iko kwenye katiba ya 2006, kifungu cha kwanza kabisa: kichwa cha chui, pembe ya ndovu upande mmoja na mkuki upande mwingine, vyote juu ya jiwe. Katika kifungu hicho hicho kuna maneno matatu ya taifa: Haki, Amani, Kazi. Kijana mmoja aliyevuka na mama yake kutoka upande wa Pweto aliniambia, "Yaya, kama hiyo amani ingekuwa kweli, mimi ningekuwa hapa naanika chisense ya watu?"

Mimi nasema nembo si picha ya nchi ilivyo. Ni ahadi. Mtu anayesema uongo unaachana naye, lakini aliyekuahidi unamdai. Basi yule kijana kavuka ziwa na deni lake mfukoni, na hakuna mpaka unaolifuta.

Lakini yeye si mjinga. Akanijibu: deni lisilolipwa miaka yote hii, na anayedaiwa hata hajui jina lako, hilo bado ni deni au ni wizi? Sikupata jibu la haraka, na sidhani lipo.

Sasa angalia sarafu ya kwacha moja. Nembo ya Zambia ya 1964 iko pale: ngao nyeusi yenye mawimbi meupe, ndiyo maji ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Mwanamume na mwanamke wameishikilia. Juu kuna jembe na sururu, na juu yake tena nkwazi, yule ndege tunayemwita furukombe. Kwenye katiba au karatasi za mkimbizi hiyo nembo si yetu. Lakini jembe? Tangu 2018 watu wetu wanalima Mantapala. Mimi naona jembe ni la anayelima, hata kama ardhi ni ya mwingine. (Sururu tuwaachie wa Copperbelt.)

Kuna jambo moja wengi hawalijui. Kwenye ngao ya wakoloni, wakati wa Rhodesia ya Kaskazini, nkwazi alikuwa ameshika samaki kwenye kucha. Uhuru ulipokuja samaki akaondolewa, ndege akabaki anaruka mtupu. Wanasema ni ishara ya uhuru. Sawa, lakini hapa ziwani, uvuvi ukifungwa kila Desemba mpaka mwisho wa Februari, tunajua vizuri ndege asiye na samaki anaonekanaje!

Ufaransa hata kijiji kidogo kinaweza kujichorea ngao yake. Timu yetu ya mpira nayo ilitaka nembo, kwa sababu ina Wazambia na Wakongo. Wengine wakasema chui, wengine nkwazi, nusura wapigane. Yule kijana wa Pweto ndiye aliyesema tumchukue yule samaki aliyeondolewa, maana hakuna serikali inayemtaka tena, na pande zote mbili za Mweru zinamla.

Wamekubali. Sasa ugomvi ni kama atakuwa pale au chisense.