Nilihesabu Karata, Maghribi Ikanipita



Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kamembe. Baada ya darsa ya Alhamisi kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, anayesoma takwimu, akanivuta pembeni. "Kaka, mchezo wa bahati ni haramu, hilo najua. Lakini mtu akishinda kwa hesabu, bahati iko wapi?" Alikuwa anazungumzia kuhesabu karata kwenye blekijeki, ule mchezo wa kasino wa kukimbilia ishirini na moja. Sikumjibu palepale. Miaka miwili kabla nilijiuliza swali hilohilo, na nikaenda kulijibu kwa miguu yangu.

Muumini haambiwi atangaze dhambi ambayo Mola wake amemsitiri. Nilimtaka ushauri sheikh wetu kabla ya kuandika, akasema niandike kitakachomfaa mwenzangu, mengine niyaache. Basi mengine nimeyaacha.

Hesabu yenyewe ni ya kweli, sitawadanganya. Mwanahesabu Mmarekani Edward Thorp alieleza kuhesabu karata katika kitabu chake cha mwaka 1962. Njia moja ni hii: ikitoka karata ya 2 hadi 6 unaongeza moja; 7 hadi 9 unaziacha; 10, zenye picha na ree unapunguza moja. Jumla ikipanda, karata kubwa zimebaki nyingi, na hapo ndipo unapoongeza dau. Kasino hutumia pakiti sita au nane kwa pamoja, kwa hiyo jumla unaigawanya kwa pakiti zilizobaki. Asiyekosea hupata faida ya kama asilimia moja: kwa kila faranga 5,000 anazoweka, wastani wake ni faranga 50. Anayeanza hukosea, na makosa machache huimaliza faida hiyo. Wenye kasino wakikushuku, huchanganya karata upya au hukuonyesha mlango.

Nilijifunza wiki sita chumbani. Mama anauza sambaza sokoni Kamembe. Zamu yake ya ikimina ilipofika alinipa faranga 60,000 za kodi ya chumba cha chuo. Nilipanda nazo basi la Kigali. Msitu wote wa Nyungwe nilikuwa nikihesabu kimoyomoyo, hata sikuona nyani barabarani. Kwenye kasino nilikaa karibu na mzee mmoja mwenye kikohozi, mpole, aliyenisogezea kiti.

Simu ikatetemeka mfukoni: Maghribi. Jumla yangu wakati huo ilikuwa tisa juu. Nikaizima. Niliinuka saa tatu usiku, na faida yangu ilikuwa faranga 37,000.

Naam, nilishinda. Hilo ndilo linalonitisha. Ningepoteza ningerudi nikilia na jambo likaisha.

Usiku ule nilisimama kulipa Maghribi na kusali Isha. Mimi niliyefuata pakiti sita za karata bila kupotea sikujua kama niko rakaa ya tatu au ya nne. Nilipoinama kusujudu, vidole vyangu vilikuwa vinaongeza na kupunguza. Nikaleta sijda ya kusahau, nikakaa pale kwenye mkeka. Surat al-Maida, aya ya 91, inaeleza anachokitaka shetani kwa ulevi na kamari: kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia kumkumbuka Allah na kuswali. Aya haikusema kwamba mchezaji atakosa pesa.

Kuhusu swala nilikwisha kuona. Uadui niliutafuta, maana sikugombana na mtu. Kisha nikamkumbuka yule mzee. Kila alipopewa karata ndogo zisizomfaa, mimi nilifurahi, kwa sababu zikitoka ndogo zinabaki kubwa. Saa nne nzima nilikaa bega kwa bega na mtu nikimwombea mabaya, naye akinisogezea kisahani cha karanga.

Haya ndiyo niliyomwambia yule kijana. Ujuzi hubadilisha nafasi yako ya kushinda. Makubaliano ya mezani haubadilishi. Bado mmoja anachukua mali na mwingine anatoa, na hakuna kilichouzwa wala kazi iliyofanywa. Hata ulengaji mishale, ambao ni ujuzi mtupu, ulihitaji ruhusa katika hadithi, pamoja na mbio za ngamia na farasi, ndipo zawadi yake ikawa halali.

Akasema faida yake atalipia ada ya mdogo wake. Nikamkumbusha Waarabu wa Jahiliya. Walichinja ngamia, wakavuta mishale. Aliyetokewa na mshale usio na fungu ndiye aliyelipa, na washindi waliona fahari kuwagawia maskini ile nyama. Maskini walikula kweli. Aya ya 219 ya Surat al-Baqara haikukana manufaa hayo. Iliyataja, ikasema dhambi yake ni kubwa kuyashinda.

Niliporudi nyumbani nilimweka mama zile 37,000 mbele yake, kwenye jamvi la sambaza. Hakuzigusa. "Hizi za nani?" Nikamweleza habari ya mzee. "Basi mrudishie." Mama, simjui jina. Na si zake peke yake. Sheikh alinielekeza niwape wahitaji ili nitoke nazo mikononi, nisihesabu kuwa ni sadaka yangu wala nisingojee thawabu. Nilifanya hivyo. Mama alinisamehe kabla sijamaliza kumwomba, na kodi nililipa.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba anipe pakiti yake ya karata. Akaipapasa mfukoni, akatabasamu, akasema, "Kaka, niache nifikirie." Ana tiketi ya basi la Jumamosi. Darsa ni Alhamisi baada ya Isha, nami nimewahi kumwekea nafasi karibu na mlango.

Wabillaahi tawfiiq.