ZAKARIYA HAKUBADILISHIWA MKE

Khutba ya Ijumaa kwa Waislamu wa Butembo na Beni

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Tunamhimidi, tunamuomba msaada na tunamuomba msamaha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wazee wangu, vijana, nanyi mama na dada zetu mnaosikiliza nyuma ya pazia: ninawausia, nikianza na nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu.

Leo nitasema juu ya jambo ambalo hatujazoea kulisikia mimbarini. Ni ugonjwa wa wanawake, unaovuruga hedhi na kuchelewesha mimba. Atakayeona haya akumbuke kwamba Fatima binti Abi Hubaish (r.a.) alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumuuliza juu ya damu yake isiyokatika, na Mtume hakumfukuza. Alimweleza kwamba ile ilikuwa damu ya mshipa, siyo hedhi, akamfundisha namna ya kuswali. Na Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Sababu ya maneno haya ni nyumba moja ninayoijua. Sitataja jina lao wala mtaa wao, wala kama ni wa Butembo au wa Beni. Walikuwa wameoana miaka sita. Mke alikuwa anakaa miezi mitatu, minne, bila kuona siku zake, kisha damu inakuja na kukaa wiki mbili. Familia ya mume ilikuwa inamngojea Paluku au Masika, na hakuja. Wakaja kwangu. Nilimsomea ruqya, nikamsomea tena. Miaka miwili nilimsomea, na hata siku moja sikumuuliza kama amekwenda hospitali. Mwishowe familia ikakaa kikao, ikataka ndoa ivunjwe na mbuzi wa mahari warudishwe, na mimi nikaitwa kuandika talaka. Ndipo mama mmoja wa msikiti wetu, ambaye ni muuguzi, akaniuliza: "Shehe, huyu mtoto wa watu amekwisha kupigwa ekografi?" Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, Qur'ani ni ponyo, na simwambii mtu yeyote aache kusomewa. Lakini aliyetufundisha ruqya ndiye aliyetuamuru tujitibu, akatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuleta ugonjwa bila kuleta dawa yake. Ndiye pia aliyemwambia yule mtu wa ngamia amfunge kwanza ndipo ategemee. Mimi nilitegemea, na ngamia sikumfunga.

Basi yule dada alikwenda kupimwa. Madokta wetu huuandika ugonjwa huu kwa herufi nne, SOPK. Maana yake, kwa lugha yetu, ni ovari zenye vifuko vingi. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 10 hadi 13 wanao, na kwamba duniani hadi 70 katika kila 100 wenye ugonjwa huu hawajui kama wanao. Hesabuni nyumba za mtaa wenu, mtaona kwamba hatusemi habari za watu wa mbali.

Kwa kawaida kila mwezi yai moja linakomaa na kutoka katika ovari. Kwa mgonjwa wa SOPK, mwili unatoa kupita kiasi homoni zile ambazo wanaume wanazo nyingi, na mara nyingi insulini, ile inayosimamia sukari ya damu, haifanyi kazi yake vizuri. Mayai yanaanza kukua halafu yanasimama njiani. Ndiyo hivyo vifuko vidogo vinavyoonekana kwenye ekografi. Watu wakisikia neno "kiste" wanafikiri ni uvimbe wa kupasuliwa, wanakimbia. Hapana. Hivi ni vifuko vya mayai ambayo hayakukomaa, na havihitaji kisu.

Dokta huangalia mambo matatu: hedhi isiyo na mpango, alama za zile homoni, kama ndevu kidevuni na chunusi nyingi, au kipimo cha damu kinachozionyesha, na ekografi. Kwa mwanamke mzima, mawili kati ya hayo matatu yanatosha, baada ya kuondoa shaka ya magonjwa mengine yanayofanana nayo, kama ya tezi ya shingo. Kwa hiyo picha ya ekografi peke yake haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Na msimcheke dada mwenye ndevu kidevuni. Si mwanamume, si mchawi, wala hakulaaniwa. Ni mgonjwa, na ugonjwa huu mara nyingi unatembea katika ukoo, mama hata binti.

Sasa dawa. Ya kwanza haiuzwi farmasi. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza hata sehemu 5 katika 100 kunaweza kurudisha hedhi. Mama wa kilo 80 akipungua kilo 4 tu, huenda mayai yakaanza kutoka. Apunguze sukari katika chai, soda na mandazi. Bugali iwe kidogo, maharagi, sombe na samaki viongezeke. Atembee kwa miguu karibu kila siku. Najua aliyekimbia kijiji chake hachagui chakula, na tangu 2014 wengi wetu tumekimbia. Tunasema kwa mwenye kuweza. Tena wako wagonjwa wembamba kabisa, kwa hiyo asiwepo wa kusema "huyo ni ulafi wake."

Kisha kuna vidonge vya kusaidia yai likomae. Cha zamani ni klomifeni. Kingine ni letrozoli, ambayo ilitengenezwa kwanza kwa saratani ya matiti, basi mgonjwa asishtuke akisoma karatasi ya ndani ya boksi. Katika uchunguzi wa wanawake 750 uliotolewa Marekani mwaka 2014, katika kila 100 waliopewa letrozoli karibu 28 walizaa, na waliopewa klomifeni 19. Ndiyo sababu mwongozo wa kimataifa wa 2023 unaitanguliza letrozoli. Iko pia metformini, dawa ya kisukari, ambayo wengine hupewa kusaidia insulini.

Lakini vidonge hivi havinunuliwi kwa kusikia kwa jirani. Dokta lazima ahakikishe kwanza kwamba hakuna mimba, kwa maana mwenye hedhi ya kuruka anaweza kuwa na mimba bila kujua. Tena vinaweza kuleta mapacha, na vikitumiwa ovyo ovari zinaweza kuvimba kwa hatari. Habat soda ni sunna, na anayeitumia aitumie. Asiiweke mahali pa dokta.

Jambo moja wengi hawalijui, nami sikulijua. Hata asiyetafuta mtoto, akikaa zaidi ya miezi mitatu bila hedhi na hana mimba, hanyonyeshi na hatumii dawa ya uzazi wa mpango, aende hospitali. Ngozi ya ndani ya kizazi inazidi kuwa nene isipotoka, na miaka ikipita inaweza kuleta saratani. Na dokta akimpa vidonge vya kupanga uzazi ili siku zake zirudi, mume asiseme mke anamficha kitu. Kwa asiyetafuta mtoto wakati huo, hiyo ni tiba.

Kuna watakaouliza juu ya dokta mwanamume. Akipatikana mwanamke mjuzi, ndiye bora. Asipopatikana, dharura inaruhusu, na mume awepo au mwanamke mwingine. Na yule ambaye damu inamtoka nje ya siku zake asiache swala wiki nzima nzima kwa kudhani yote ni hedhi. Anayezijua siku zake za kawaida azihesabu hizo, kisha aoge, na kwa kila swala ajisafishe, ajifunge na kutawadha. Asiyezijua aje aulize, kwa sababu hukumu ya mmoja si ya mwingine.

Nasikia pia mnong'ono: "hospitali ndiko watu wanakofia." Mji huu umekwisha kulipa deni la maneno hayo. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Tuliwazika wengine ambao uvumi uliwazuia kwenda mapema.

Nasema maneno yangu haya, na ninamuomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Muombeni msamaha.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu.

Enyi wanaume, sehemu hii ni yenu. Mbele ya dokta huendi kama msindikizaji. Katika nyumba nyingi zisizopata mtoto, karibu nusu, shida iko kwa mume pia au kwake peke yake. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vipimo vingi anavyopewa mke wako, na ni halali. Nimemjua mtu aliyeoa wa pili, akaoa wa tatu, na nyumba zote tatu kimya, kwa sababu aliyetakiwa kupimwa hakupimwa. Ndoa ya pili ina sheria yake na uadilifu wake. Haikuwekwa iwe maabara.

Wengine wanatoa hadithi ya Ma'qil bin Yasar (r.a.), ya yule mtu aliyetaka kumuoa mwanamke asiyezaa, na Mtume akamuelekeza kwa wanawake wenye kuzaa. Hadithi ipo. Lakini huyo alikuwa hajaoa, alikuja kutaka shauri. Wewe umekwisha kuoa, na umekula chakula cha mikono yake. Hakuna neno ndani yake linalokuruhusu kumtukana.

Tazameni habari ya Nabii Zakariya (a.s.). Alikuwa mzee, nywele nyeupe, mke wake tasa. Alimuomba Mola wake asimwache peke yake. Na katika Sura Al-Anbiyaa Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba alimjibu, akampa Yahya, na akamtengenezea mke wake. Wafasiri wengi wanasema: alikuwa hazai, akamfanya azae. Zakariya hakuletewa bibi mwingine. Aliyetengenezwa ni yule yule aliyekuwa nyumbani, aliyezeeka naye. Na pale Sura Ash-Shura inapotaja wanaopewa mabinti, wanaopewa wana, wanaopewa wote wawili, na anaowajalia kuwa tasa, wote wanne wamewekwa katika elimu yake na uwezo wake. Wa nne hakuitwa mwenye dhambi.

Nanyi mama zetu, mama wakwe. Hapa kwetu mwanamke akizaa tunamwita Mama Fulani, na asiyezaa anabaki na jina la utotoni hata nywele ziote mvi. Bibi Aisha (r.a.) hakuzaa. Mtume alimpa jina, Umm Abdillahi, kwa mtoto wa dada yake, Abdallah bin Zubeir. Ni nani kati yetu amempa mkwe wake jina kama hilo?

Yule dada niliyewasimulia anaendelea na dawa. Mpaka leo hawajapata mtoto. Lakini siku zake zinakuja mwezi kwa mwezi, mume amekwenda kupimwa naye, na wanakwenda pamoja kila wanapoitwa na dokta. Talaka sikuiandika. Na kwake yeye nimekwisha kuomba radhi kwa ile miaka miwili.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wanaojulikana na wanaojificha. Wape watoto wema wanaokuomba watoto, na uwape utulivu wale uliowaandikia vingine. Ziunganishe nyumba zinazotaka kuvunjika. Utupe amani Beni, Butembo na Kivu yote, wawarudishe waliokimbia mashambani kwao kwa salama. Amin.

Waqimu swala.