Una Makalio Mangapi?

Swali hilo niliulizwa kijiweni, pale Buzuruga, asubuhi moja ya mwezi wa nne. Nilikuwa nimesimama na Honda, namsubiri fundi anirudishie spana niliyomwazima. Dereva mmoja wa bodaboda akaizunguka, akapapasa tangi kama mtu anayepima ng'ombe mnadani, akasema, "Kaka, nasikia nyumbani una nyingine mbili." Nikamwambia ni kweli. "Sasa bro, wewe una makalio mangapi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ila nilipofika nyumbani Nyakato na kuisukuma Honda ikae pembeni ya wenzake, sikucheka tena. Mimi ni mwandishi wa habari. Kazini naenda kwa daladala, kwa sababu jua la saa saba mchana na shati la kazini havielewani. Kwa hiyo pikipiki tatu, makalio mamoja, na yenyewe siku tano za wiki yamekaa kwenye kiti cha Hiace.

Ya kwanza ni Honda CG125 nyekundu ya marehemu baba, aliyekuwa bwana shamba Sengerema. Ya pili ni Yamaha AG100, niliyoinunua kwenye mnada mradi fulani ulipofunga ofisi zake: ina keria mbele na nyuma, vyuma vya kukukinga mguu ukianguka, na injini inayounguza oili pamoja na petroli hadi jirani anafunga madirisha. Ya tatu ni Boxer. Hiyo nitaifikia, maana ndiyo inayonikosesha raha.

Kwanza niseme kwa nini mtu anapenda pikipiki ya kizamani, kwa sababu mapenzi hayo si ya uongo yote. Honda walianza kuuza CG katikati ya miaka ya 1970. Walikuwa wameona kwamba pikipiki zao za injini za kisasa zinakufa mapema katika nchi kama zetu: oili haibadilishwi, cheni inakula vumbi, chombo cha watu wawili kinabeba watatu na gunia juu. Wangeweza kuandika kitabu cha maelekezo kinene zaidi na kutulaumu. Badala yake wakarudi kwenye michoro. Wakaitoa kamshafti juu ya silinda, wakaishusha chini, wakaweka fimbo za kusukuma valvu, teknolojia ambayo hata wakati huo ilikuwa ya kizee. Cheni wakaifunika yote kwa bati. Mimi sijui vitu vingi vya kiwandani vilivyobuniwa kwa kudhani kwamba mtumiaji ni mtu mwenye shida, na si mjinga. Hiki ni kimojawapo, na kila ninapokifungua naona heshima hiyo.

Na unaweza kukifungua, hilo ndilo la pili. Nikiketi kwenye kigoda na spana tatu na bisibisi, naona kila kinachotokea: mafuta yanatoka wapi, moto unatoka wapi, kwa nini havikutani leo. Siku nzima ofisini nashughulika na vitu nisivyoviona ndani yake, simu, kompyuta, matamko ya wakubwa. Jumapili nashika kabureta mkononi. Kiukweli hiyo ni dawa.

Viwanda vya China vikaja kuiiga injini hiyohiyo, na ndiyo iliyo ndani ya SanLG na ndugu zake zilizojaa barabara zetu bodaboda zilipoanza kushika mji. Ukiondoa Boxer na TVS za Wahindi, sehemu kubwa ya kijiwe kile inakalia wajukuu wa Honda ya baba. Yule aliyeniuliza habari za makalio alikuwa ameegemea mmoja wao. Kwake ile haikuwa "klasiki". Ilikuwa kazini.

Kwa wenzetu Ulaya mambo yamekwenda mbali zaidi. Triumph ya zamani, ya Uingereza, ilianguka mwaka 1983. Jina likanunuliwa, kampuni ikafufuliwa, na miaka ya 2000 wakarudisha Bonneville, pikipiki iliyozaliwa 1959, ikiwa mpya lakini na sura ileile: taa ya mviringo, kiti bapa, tangi la umbo la tone. Baadaye sheria za moshi zikawalazimisha kuacha kabureta na kuweka mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta. Unajua walifanyaje? Waliuficha mfumo huo ndani ya maboksi yaliyochongwa yafanane na kabureta. Kabureta za bandia, ili mnunuzi akiinama aone alichokuwa anatamani kukiona.

Nilipolisoma hilo nilicheka sana. Halafu nikakumbuka daraja.

Baba alinunua Honda mwaka 1984 kwa mkopo wa idara. Wakubwa wanaikumbuka miaka ile: vita vya Kagera vimekwisha na hazina tupu, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni. Petroli aliichuja kwa kitambaa, na jioni alipopata wasiwasi wa wezi aliinyonya yote kwenye dumu na kuilaza chumbani. Kila alipoitwa mkoani alifika Busisi akasubiri kivuko cha kwenda Kigongo, wakati mwingine nusu siku, Honda ikiwa juani na yeye chini ya mti. Mwaka jana, 2025, mwezi wa sita, daraja likafunguliwa pale, kilomita tatu juu ya maji. Wiki iliyofuata nilivuka na Honda yake. Dakika chache tu, upepo wa ziwa kifuani, nikafika Busisi. Na unajua nilihisi nini? Nilikikosa kivuko. Mimi, ambaye sijawahi hata siku moja kukisubiri nikiwa na mgonjwa au na ripoti inayotakiwa saa nane.

Nilimsimulia mama. Aliendelea kuchambua dagaa, kisha akasema, "Mwanangu, baba yako angeiuza siku ileile angepata mteja. Aliitunza kwa sababu hakuwa na nyingine."

Yaani ninachokiita uzuri wa zamani, kwake kilikuwa ukosefu. Angeiona Boxer inayowaka kwa kubonyeza kidole angeikumbatia. Mimi nimechukua mateso ya mtu, nikayafuta vumbi, nikayang'arisha, nikayaweka sebuleni. Sisemi ni dhambi. Lakini kabureta ya bandia ninayo na mimi, iko kichwani.

Basi tulirudie swali la kijiweni. Aliyeuliza alidhani kosa ni wingi: vitu vitatu kwa mtu mmoja. Sisi Wasukuma hilo peke yake halitushtui. Babu zetu walikuwa na ng'ombe mia na tumbo moja, na hakuna aliyewauliza wana matumbo mangapi. Mzee aliwajua kwa rangi na kwa pembe, akawapenda kwa macho tu, na siku nyingi hakuchinja hata mmoja. Lakini ng'ombe wale hawakukaa wote zizini kwake. Wengine aliwagawa kwa ndugu na majirani wasio na kitu wamfugie, wao wanywe maziwa na kutumia samadi, na mara nyingine wapate ndama. Ulikuwa ujanja pia, bana: ugonjwa ukiingia zizi moja haufilisi mtu. Na aliyepewa alibaki mdogo mbele ya aliyempa, tusijidanganye. Ila ng'ombe akifa kwa maradhi, mwenye ng'ombe alipata hasara yake.

Sasa Boxer.

Mwaka juzi niliinunua mpya, na usajili na bima ikafika milioni mbili na laki tisa. Nikampa kijana wa mtaani kwa mkataba. Elfu kumi kwa siku, siku sita, wiki sitini. Akimaliza, chombo chake. Ukipiga hesabu ni milioni tatu na laki sita. Mkataba niliuchukua kwenye kibanda cha kuchapia, uleule wanaotumia watu wote, nikajaza majina. Alikuwa ananiita bosi, ingawa tumepishana miaka minane tu. Kila Jumamosi jioni elfu sitini ilifika, na kwa wiki arobaini na moja hakuruka hata moja.

Wiki ya arobaini na mbili akagongwa usiku Mabatini, gari halikusimama, mguu ukavunjika mara mbili. Nilikwenda kumwona Bugando na machungwa. Pikipiki niliitengeneza mimi, laki moja na themanini. Nikasubiri mwezi, nikasubiri wa pili. Halafu nikasoma mkataba, ule wa kibandani, na ndani yake kuna kifungu kwamba dereva akishindwa kuleta hesabu, mwenye chombo atakichukua na dereva hatadai chochote. Nikakichukua. Mama yake ndiye aliyenipa ufunguo, kwa mikono miwili, na akasema asante kwa kumsaidia mwanangu.

Alikuwa amekwisha kunilipa milioni mbili, laki nne na elfu sitini.

Sikuiba. Kila mwenye pikipiki mjini angefanya hivyo, na wengi wangefanya mapema zaidi. Ndiyo maana niliweza kulala. Lakini angalia jinsi kijiwe kilivyoniweka kwenye mizani: Honda na Yamaha, zinazolala tu na kunila pesa ya plagi, ndizo zilizonifanya nionekane mlafi. Boxer, nayo ilinifanya mtu mwema aliyetoa ajira kwa vijana.

Baba yangu angepima kinyume. Alianza kazi wakati Azimio la Arusha bado lina meno. Masharti yale ya uongozi ya mwaka 1967, yaliyowagusa hadi watumishi wa serikali wa ngazi ya kati, hayakumkataza mtu kuwa na viti kumi au saa nne ukutani. Yalikataza hisa kwenye makampuni, ukurugenzi wa makampuni ya kibepari, mishahara miwili, na nyumba za kupangisha. Halikuuliza una vingapi. Liliuliza nani anatoka jasho ili wewe upate. Mirija, walikuwa wanaita. Mwaka 1991 kule Zanzibar chama kikayalegeza masharti hayo, na leo ukimwambia mtu kwamba pikipiki ya mkataba ni mrija atakuona umechanganyikiwa, pengine kwa haki, maana kijana asiye na mtaji angepata wapi chombo? Azimio lenyewe halikumpa baba petroli. Sina hamu ya kurudi kwenye foleni.

Hata hivyo nimelizungusha kichwani na siwezi kulikwepa. Vyombo vyangu viwili vya anasa havijamdhuru mtu, labda pua ya jirani. Kile chenye faida ndicho kilichovunja mguu, na mguu si wangu. Mzee wa Kisukuma, pamoja na ukubwa wake wote, alikubali kufiwa na ng'ombe. Mimi niliandika, au niliacha kibanda kiniandikie, mkataba ambao chini yake siwezi kufiwa na chochote.

Rafiki yangu mmoja, mhasibu, ananiambia nachanganya huruma na haki. Ajali ni ajali, anasema, na wewe hukumgonga. Kweli. Lakini nilipomuuliza zile milioni mbili na ushee zilikuwa malipo ya nini, akasema kodi ya kutumia chombo. Na mimi niliyempa kijana matumaini kwa wiki arobaini na moja kwamba ananunua? Mhasibu akasema hapo ndipo ungemwona mwanasheria.

Mwezi uliopita niliuza Yamaha. Mnunuzi alitoka Magu, mfugaji, akaipiga kiki mara mbili ikawaka, akatabasamu kwa moshi ule wa bluu kama mtu aliyekutana na mjomba. Laki tisa. Iliniuma, sitaficha, ilikuwa imenichukua miezi minne kuitafutia pistoni. Pesa nikazipeleka Igoma alipohamia kijana na mama yake. Nilimwambia pia kwamba Boxer bado ni yake, zile wiki kumi na tisa zilizobaki tuzisahau, kadi tutaibadilisha jina akiwa tayari.

Alikuwa amekaa kwenye benchi nje, gongo pembeni, mguu umenyooshwa. Amenenepa kidogo. Akazihesabu zile noti mara moja, akampa mama yake. Hakusema asante, na njia nzima nilikuwa naombea asiseme. Akaniuliza, "Hiyo Boxer asubuhi nani anaiwasha, isije ikalala betri?"

"Mimi. Kila siku kabla sijaenda kazini."

"Koki ya mafuta inabana," akasema. "Usiilazimishe. Inataka uisukume kwanza ndani, ndipo uizungushe."